Kigugumizi Changu Kimefika Ulaya

Nyamisati, Ijumaa, baada ya alasiri

Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini makuti bado yanadondosha maji. Nimekaa barazani kwa mama yangu, daftari mapajani. Yeye yuko ndani anapepeta mchele, nausikia ungo wake. Hajanisemesha tangu asubuhi.

Nimesalitiwa. Nataka niliandike neno hilo kwanza, kabla sijaanza kumtafutia mtu visingizio, maana kazi hiyo naiweza sana.

Nikishaliandika hilo itanibidi niandike na jingine, gumu kuliko hilo. Lakini acha nianze na hili.

Bwana Desmond aliletwa huku delta vita vilipokwisha, awe Bwana Miti. Kazi yake ilikuwa kukagua ukataji wa mikoko, ajue nani anakata boriti, wapi, na kwa kibali gani. Alitaka karani anayejua Kiingereza na anayeijua mito yetu. Mimi nilikuwa nimekwisha kataliwa katika ofisi mbili kwa sababu ya kigugumizi. Yeye alinisikiliza nikikwama, akangoja nikamaliza, hakunimalizia neno. Kisha akasema, "Nitakuchukua wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kuningoja hivyo.

Kigugumizi changu si cha maneno yote. Hunishika kwenye neno linaloanza na "ma", liwe la Kiswahili au la Kiingereza. Kwa hiyo nimejifunza kuzunguka. Shahidi mmoja namtaja bila taabu, wakiwa wengi nasema "watu walioona". Siendi mashambani, naenda kulima. Maji sina la kuyafanya, hapo hukwama, na watu hungoja. Na mama yangu mzazi simwiti mama. Namwita Bi Mkubwa. Watu husema, tazama Selemani alivyo na adabu kwa mzazi wake.

Si adabu.

Miaka miwili tulizunguka delta kwa mtumbwi, mimi na Bwana Desmond. Alikuwa kijana mrefu, mwenye pua iliyobabuka jua, na alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Aliweza kumwiga mtu yeyote. Akida anavyokohoa kabla ya kutoa hukumu. Mkubwa wake wa kazi anavyotafuta miwani ambayo anayo usoni. Hata kiboko akipiga miayo. Wakata mikoko walicheka mpaka wakaweka mashoka chini. Walimpa jina, wakamwita Bwana Kasuku, naye akalipenda.

Aliwaiga wote isipokuwa mimi. Nikaona ananiheshimu.

Kumbe alikuwa ananiweka akiba.

Siku moja ya jua kali alinieleza habari zake. Baba yake alikuwa amemtafutia kazi ya Afrika kwa makusudi, ili asahau mambo ya jukwaani. Kwao, mwana wa mtu mwenye heshima zake hakuwa mwigizaji. Aliniambia kwamba akilala anaota taa za jukwaani, akiamka anaona matope ya kwetu, na moyo unamwuma. Alilia. Niliona aibu kumtazama, nikatazama kasia.

Nikamwambia arudi. Ndiyo, ni mimi. Nilimwambia mtu akiwa na kitu kama hicho asikizike huku kwenye tope, baba yake atakasirika halafu atapoa.

Mbele kidogo tukafika kwenye mkondo ambao mimi sishuki kamwe. Yeye alitaka tutelemke tukague miti, mimi nikang'ang'ania mtumbwi. Akaniuliza kwa nini. Labda kwa kuwa yeye alikuwa ametoka kulia mbele yangu, nikamwambia.

Nilimwambia habari ya kaka yangu Athumani.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, Athumani alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu. Tulikuwa wawili. Mtumbwi ulikwama, akaingia kwenye maji ya kiunoni kuusukuma, mimi nikabaki ukingoni nimeshika kamba. Nikamwona yule mnyama anakuja, macho tu na mstari mdogo wa maji nyuma yake. Nikafungua kinywa niseme mamba. Nikasema, "Ma... ma... ma..." Neno likagoma. Athumani akanigeukia, anacheka, akasema, "Mama yuko shamba, unamwitia nini?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Nilikimbia. Nyumbani nikasema sikuwepo, nilikwenda kuokota kuni, niliporudi nikaona kamba tu. Wakaamini. Mama yangu akaamini kwamba mwanawe alikuwa peke yake. Tangu siku ile neno lile linanikwama kooni.

Bwana Desmond aliniwekea mkono begani. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha wakati ule, "Mimi hapana sema kwa mtu." Tukageuza mtumbwi. Mkondo ule hatukuukagua, na katika ripoti aliandika kwamba umekaguliwa.

Nilimpenda kwa jambo hilo.

Muda wake ulipokwisha akarudi kwao, na kweli akaenda jukwaani; mimi nikapata kazi ya ukalimani kwenye baraza la kesi la Kibiti. Akaniandikia barua. Mwanzoni zilikuwa barua za dhiki: analala chumba kimoja na wenzake watatu, anaosha vyombo hotelini, wanazunguka miji midogo na kuigiza mbele ya viti vitupu. Sehemu aliyopewa ilikuwa kuleta sinia la chai na kutoka. Mara moja alipewa kuwa maiti, akapiga chafya. Nilicheka mpaka machozi. Nilizisoma barua zile pale Kibiti kwenye baraza la duka la nguo, nazifasiri, na watu waliniuliza, "Vipi rafiki yako, amekula wiki hii?"

Kisha mambo yakamnyookea. Akapata kazi ya redio, wakampa sauti za watu wengi kwa sababu yeye mmoja alitosha watu kumi. Halafu televisheni. Alinieleza ni sanduku kama la redio, lakini lina kioo, na ndani ya kioo watu wanaonekana wakisema na kutembea. Akawa askari polisi, akawa daktari, akawa mwizi. Picha yake aliyonipelekea niliitia fremu nikaitundika.

Katika kila barua alikuwa na ombi moja: "Niandikie zaidi juu ya huko. Niandikie watu wanasemaje. Nisije nikasahau." Nami nilimwandikia. Karatasi nne, tano. Kesi za barazani, ugomvi wa mbuzi, jinsi nilivyokwama mbele ya gavana alipopita. Nilidhani ananikumbuka.

Barua ya mwisho ilisema amepata mchezo wake mwenyewe unaoonyeshwa kila wiki, na watu wanamsimamisha njiani kumpa mkono. "Ungekuwa hapa, Selemani, ungejivunia." Hakusema mchezo wenyewe ni wa nini.

Nilikuja kuujua mwezi uliopita. Bwana Shauri mdogo, msaidizi wa mkuu wa wilaya, kijana wa Kizungu aliyefika juzijuzi tu kutoka kwao, aliketi barazani kwa mara ya kwanza, mimi nikifasiri. Nilipofika kwenye neno moja nikakwama. Nikamwona anauma midomo, shingo imekuwa nyekundu. Baada ya kesi akaniita pembeni, akaniomba radhi kama mtu mwema. Alisema hakuwa ananicheka mimi. Ila kwao kuna mtu katika televisheni, mtumishi wa Kiafrika, anaitwa Selemani vilevile, na anasema kama mimi kabisa. Mwigizaji ni Mzungu, anajipaka rangi nyeusi usoni. Nchi nzima inampenda.

Halafu, maskini, akataka kunifurahisha. Akanisimulia kichekesho kilichomvunja mbavu kuliko vyote. Bwana amesimama mtoni, anavua samaki. Mtumishi yuko ukingoni, anaona mamba anakuja, anataka kumwonya bwana wake kwa Kiswahili. Anasema, "Ma... ma... ma..." Bwana anageuka na kumwambia, "Mama yako hayupo hapa!"

Alikuwa anacheka, anapangusa macho kwa leso.

Nikamwuliza jina la mwigizaji. Akalitaja.

Nilirudi mezani nikaandika kumbukumbu za kesi, kila neno mahali pake. Sijui niliwezaje.

Na bado nikamtafutia visingizio. Mwezi mzima. Nikasema labda kijana amekosea, labda kaandikiwa na watu wengine, labda amelazimishwa. Picha sikuiondoa ukutani.

Juzi Jumatano akaja mwenyewe.

Simu ya upepo ilikuwa imetangulia kuleta habari kwamba anapita Tanganyika pamoja na watu wa gazeti la picha, na atafika Kibiti kumtembelea rafiki yake. Nilifua kanzu. Nilitaka nimtazame usoni, ndipo nijue.

Walikuja kwa gari mbili. Amenenepa, nywele zinang'aa mafuta, lakini aliposhuka na kufungua mikono akawa yuleyule wa kwenye mtumbwi, na miguu yangu ikaenda yenyewe. Tukakumbatiana. Kiswahili chake sasa ni kizuri kuliko zamani. Nikashangaa, nikafikiri, anazungumza na nani huko? Watu walikuwa wamejaa mbele ya jengo la baraza, wauza mihogo, wenye kesi, dereva wa gari la boriti, kila mtu.

Mpiga picha akasema jambo. Bwana Desmond akaniambia, "Wanataka picha ya Selemani wawili."

Akatoa kanzu kwenye sanduku, akaivaa juu ya suruali. Akatoa kofia. Kisha akafungua kikopo na kuanza kujipaka usoni, palepale, mbele ya watu. Weusi ule haukufanana na ngozi ya mtu yeyote. Ulikuwa kama wa chini ya sufuria. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakacheka wakidhani ni ngoma.

Akasimama kando yangu. Akainamisha kichwa kidogo kushoto. Sikujua kwamba mimi huinamisha kichwa kushoto. Akafumba jicho moja, akavuta pumzi, akasema, "Ma... ma... ma..."

Watu wakaangua kicheko.

Watu wangu. Walicheka kwa kuwa alipatia. Hata mimi nilijisikia nikitoka kwenye kinywa chake, na nilipomtazama sikuona dhihaka usoni mwake. Niliona fundi anayefurahia kazi yake.

Sijui nilipopata sauti. Nilisema kwa Kiswahili, kwa nguvu, na neno wala halikukwama, "Huyo mtu wa mtoni alikuwa kaka yangu! Nilikwambia wewe peke yako! Nilikuwa nimesimama ukingoni nikashindwa kumwita, akaliwa, ukasema hutamwambia mtu!"

Kicheko kikakatika mara moja. Watu wa gazeti walitutazama wakitabasamu bado, hawakuelewa kitu.

Bwana Desmond alishusha mikono. Akaniambia polepole, "Sikumtaja jina, Selemani."

"Hukumtaja jina."

"Walitaka kunifukuza. Nilikuwa sina kitu, sina chakula, hawanicheki tena. Nikasimama mbele ya mitambo, sijui la kusema, na hilo likanijia. Watu walicheka mpaka wakalia. Nikajua nimepona."

"Na mimi ulinikumbuka?"

"Nakukumbuka kila wiki," akasema. Alikuwa anasema kweli. Machozi yalikuwa yanampasulia njia kwenye ile rangi. "Wanampenda yule Selemani. Wanaleta barua. Watoto wanamchora."

"Mwache basi. Mwondoe."

Aligeuka akamtazama mpiga picha, kisha akanitazama mimi, na nikaona anapima. Nilimjua kwa miaka miwili kwenye mtumbwi mmoja. Nilijua kwamba hatamwondoa.

Mpiga picha akapiga picha wakati huohuo. Sijui itaandikwa nini chini yake.

Nikaondoka. Nyuma yangu mtu akaniita, "Baba Athumani!" Mwanangu wa kwanza nilimpa jina la kaka yangu, kwa hiyo ndivyo ninavyoitwa Kibiti nzima, na sijawahi kulisikia jina lile kama nilivyolisikia siku ile. Alikuwa Mbaraka, dereva wa gari la boriti, mzaliwa wa hapa Nyamisati, nyumba yao na ya mama yangu zinatazamana.

"Mimi sitasema," akaniambia. "Lakini barazani palikuwa na watu wengi, na wengi wana jamaa huku. Bi Mkubwa atasikia. Bora asikie kwako."

Alikuwa akisubiri kibali chake, gari lake likaondoka jana. Nikapanda. Tulifika jua linazama, mama yangu akashangaa, "Mbona katikati ya wiki?" Nikasema nina ruhusa. Nikala, nikalala. Sikuweza kumwambia.

Leo asubuhi nikamkuta uani anakuna nazi. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikamwambia yote. Nilianza na televisheni, kwa sababu niliogopa kuanza na mto. Nilimweleza sanduku, rangi, kicheko cha Kibiti, ahadi iliyovunjwa. Nilitaka amkasirikie yule mtu kwanza. Najua sasa kwamba ndivyo nilivyotaka. Kisha nikafika mtoni, na neno likanishika, naye akangoja, nazi mkononi.

Nilipomaliza alisema, "Uliniambia alikuwa peke yake."

"Nilidanganya, Bi Mkubwa."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Nilingoja anipige. Nilingoja anilaani, na ningesema amina. Hakufanya hivyo. Alikuna nazi mara mbili tatu, akaacha.

"Huyo Mzungu ulimwambia lini?"

"Zamani. Vita vilipokwisha."

"Zamani hiyo mimi nilikuwa nimekufa?"

Nikaokota kifuu kilichoanguka.

"Ulikuwa unapita hapa na mtumbwi wake," akasema. "Mkila wali wangu. Yeye akikaa hapo ulipokaa, ananisifia mchuzi. Kwa hiyo siku hizo, nikimpakulia chakula, yeye anajua mwanangu alivyokufa, na mimi sijui."

Nikasema, "Aliniahidi."

"Unamlaumu kwamba ametoa cha kwako. Hakikuwa chako, Selemani. Kilikuwa changu. Wewe ndiye uliyekitoa kwanza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Kisha akauliza, "Alisema nini? Wakati anageuka."

"Alisema wewe uko shamba."

Akaitazama ile nazi. "Ni kweli," akasema. "Nilikuwa shamba." Akainuka, akaingia ndani, na mpaka sasa sijasikia neno jingine kutoka kinywani mwake. Nilipotoka msikitini nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa, lakini hakukaa nami kula.

Kwa hiyo haya ndiyo ya pili niliyosema ni magumu kuyaandika. Tangu Jumatano nimekuwa nikipanga maneno ya kumwandikia Bwana Desmond, makali, kwa Kiingereza kilichonyooka. Kila sentensi niliyoipanga inanifaa mimi pia. Ulipewa amana ukaitoa. Ulimwacha mwenye haki ya kujua ukaenda kumwambia mgeni. Ulitafuta kupona. Yeye alipona kwa kicheko cha watu, mimi nilipona kwa mkono wa mtu begani, kwenye mtumbwi, siku ya jua kali. Nilijisikia mwepesi sana siku ile. Sikumfikiria mama yangu hata kidogo.

Simsamehe kwa sababu hiyo. Nisidanganye katika daftari langu mwenyewe. Alichokifanya ni kibaya kuliko changu, na ataendelea kukifanya wiki baada ya wiki, na sina mkono wa kufika huko kumzuia. Siku nikirudi Kibiti nitaiondoa ile picha ukutani. Barua sitamwandikia tena, ya hasira wala ya salamu.

Lakini hiyo ni habari ya mbali. Habari ya karibu iko nyuma ya mlango huu, inapepeta mchele.

Mbaraka amepita sasa hivi kuniuliza kama nitapanda gari lake kesho alfajiri. Nimemwambia hapana. Nimemwomba apeleke habari barazani kwamba watafute mkalimani mwingine kwa siku kadhaa, na kama hawatanirudisha kazini basi wasinirudishe. Amenitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Ungo umenyamaza. Namsikia anatafuta kitu, anafungua kasha, analifunga. Sijui anatafuta nini na siwezi kumwuliza.

Huenda kesho akanisemesha, huenda asinisemeshe mpaka mwezi uandame. Nitakuwepo.